Kiboko Ukutani: Ukumbusho, Kumbukumbu na Maadili ya Kuionyesha Tena Fedheha

Katika miaka ya 1960 na 1970, wachoraji wa Lubumbashi, uliokuwa mji mkuu wa jimbo la Katanga lililoitwa Shaba enzi za Mobutu, walichora na kuuza kwa wingi picha moja iliyojulikana kwa jina la Kifaransa: Colonie Belge, yaani Koloni la Ubelgiji. Kila mchoraji alikuwa na yake, na aliirudia kadiri wanunuzi walivyojitokeza, lakini vipengele vya msingi havikubadilika sana. Ni ua wa gereza au wa boma. Mfungwa amelazwa kifudifudi, suruali imeteremshwa, na askari mweusi anamchapa kwa kiboko. Pembeni amesimama ofisa mzungu, kiko mdomoni, akitazama bila haraka. Bendera ya Ubelgiji inapepea. Wafungwa wengine, katika sare za mistari, wanaendelea na kazi zao, na mara nyingi kuna mwanamke aliyefika pale kwa ajili ya mtu wake. Walioinunua picha hii hawakuwa watalii wala wakusanyaji wa sanaa. Walikuwa wafanyakazi wa migodi, makarani, walimu na wachuuzi, nao waliitundika sebuleni, pale mgeni anapokaribishwa na watoto wanapokula.

Swali linalozuka hapa ni la kimaadili kabla ya kuwa la kisanaa. Fedheha, kwa desturi ya Waswahili na ya jirani zao wengi, ni kitu cha kusitiriwa. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na mwosha naye ana wajibu wa kunyamaza. Mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu na kuchapwa na mwenziwe kwa amri ya mgeni hana, kwa kipimo hiki, haja ya kuchorwa; ana haja ya kufunikwa. Iweje basi mwanawe, aliyekwisha kupata mshahara na nyumba, atoe fedha kulinunua tendo lile lile na kulitundika mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi? Na ikiwa ilikuwa halali kwake, je, ni halali pia kwa msanii wa leo anayeitoa picha ya mtu aliyedhalilishwa katika nyaraka za mkoloni na kuionyesha Brussels au Paris? Aghalabu maswali haya mawili hujibiwa kana kwamba ni moja. Si moja.

Jibu jepesi kwa swali la kwanza ni kuwa Colonie Belge ilikuwa sanaa ya upinzani dhidi ya mkoloni. Jibu hili halipatani na tarehe. Picha hizi ziliposhamiri, Kongo ilikuwa huru tangu 1960, na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906 na kuutawala mji ule kwa mishahara, nyumba, hospitali na shule, ilikuwa imekwisha kutaifishwa mwanzoni mwa 1967 na baadaye kupewa jina la Gécamines. Kumlaumu Mbelgiji mwaka 1973 hakukuhitaji ushujaa wowote. Ilikuwa ndiyo siasa rasmi ya dola. Serikali ya Mobutu ilikuwa imeibadili nchi jina kuwa Zaire mwaka 1971, na Novemba 1973 ilitangaza kuzitwaa biashara za wageni. Aliyetaka kuonyesha uzalendo angetundika picha ya Rais.

Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Lubumbashi miaka hiyo, alikuta kwa wachoraji na wanunuzi neno la Kiswahili walilolitumia kueleza thamani ya picha: ukumbusho. Picha iliyofaa kutundikwa ni ile yenye ukumbusho. Fabian amelichambua neno hili kwa makini, lakini mtu aliyelelewa katika lugha hii huona ndani yake jambo ambalo tafsiri hulipunguza. Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana hapa, kumbukumbu na ukumbusho. Kumbukumbu hutokana na kumbuka, na huweza kukaa peke yake. Kumbukumbu za mkutano hubaki kumbukumbu hata kama jalada halitafunguliwa tena. Ukumbusho umetoka katika kauli ya kutendesha, kumbusha, na kauli hii hudai watu wawili, anayekumbusha na anayekumbushwa. Zaidi ya hayo, katika mazungumzo ya kila siku mtu hakumbushwi yaliyopita tu. Hukumbushwa deni, ahadi, wajibu. Anayebisha hodi na kusema amekuja kukumbusha hajaja kusimulia historia.

Ikiwa hivyo ndivyo, yafaa kuuliza mwenye sebule alikuwa akikumbushwa nini. Picha yenyewe inajibu iwapo itatazamwa polepole. Mzungu yuko pembeni. Anayeinua mkono ni askari mweusi, na ni mkono huo unaovuta jicho la mtazamaji kwanza. Mwaka 1973 ofisa mwenye kiko alikuwa amekwisha kuondoka. Askari alibaki, sare imebadilika na kiboko kimepata majina mengine. (Ni sadfa ya lugha tu, lakini ni sadfa yenye ukali, kwamba Kiswahili humwita kwa neno moja mnyama na mjeledi uliokatwa katika ngozi yake: chombo hakikupewa hata jina lake.) Mzungu angeweza kufutwa kabisa katika picha na tendo likaendelea. Aliyeketi chini ya picha hii chini ya utawala wa chama kimoja alikuwa akitazama mambo ya jana ambayo hakuna mtu angeweza kumshtaki kwa kuyatazama, na kwa kupitia hayo akayatazama ya leo. Fabian mwenyewe ameugusa uhusiano huu wa jana na leo, hata akakiita kitabu chake cha 1996 kwa jina lenye maana ya kuikumbuka sasa.

Hata hivyo kusoma picha kama fumbo la kisiasa pekee hakutoshi, kwa kuwa fumbo huelekezwa kwa mtawala, na mtawala hakuwa mgeni wa sebule zile. Waliokuwamo ni familia na jamaa. Huenda mwenye nyumba alikuwa kapita mgodini, mtu aliyepewa mamlaka juu ya watu wa rangi yake kwa faida ya wengine. Katika picha yake hana nafasi moja tu ya kujiweka. Baba yake anaweza kuwa aliyelala chini. Yeye mwenyewe, Jumatatu asubuhi, yuko karibu zaidi na aliyesimama. Hapa ndipo uhalali wa kuionyesha fedheha unapopatikana, kama upo. Aliyeinunua picha alijiweka miongoni mwa wanaodaiwa nayo, na kwa hiyo hakumwanika mfungwa mbele ya watu wasiohusika.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji huo huo ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville, aliipeleka mantiki hii mbali zaidi. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea Fabian mfululizo wa picha zipatazo mia moja za historia ya nchi, na kila moja akaifafanua kwa Kiswahili cha Shaba. Alijihesabu kuwa mwanahistoria, wala si mchoraji tu. Katika picha ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, alichora misalaba mitatu nyuma yao, na hivyo akakihamisha kifo cha Januari 1961 kutoka katika habari za siasa hadi katika kisa ambacho kila mkazi wa mji alikwisha kukijua na alijua kinamdai nini. Jambo hilo lina ndugu yake katika maandishi. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya Élisabethville kwa upande wa watumishi wa nyumbani, yaani wale waliomwona mkoloni akila, akilala na akikasirika. Kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili ni aibu kidogo kwamba andiko hilo hujulikana zaidi na wanaanthropolojia kuliko na wanafasihi, pengine kwa sababu Kiswahili chake si sanifu. Yav na Tshibumba wanashiriki tabia moja: hawamsemeshi Mbelgiji. Wanazungumza na wenzao, na Mbelgiji yumo kama mhusika.

Swali la pili linahusu picha ya aina nyingine. Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, na mwaka 2006 alitoa mfululizo alioupa jina la Mémoire. Alichukua picha za zamani zisizo na rangi, za wafanyakazi na za wakubwa wa kikoloni, akawakata watu kutoka mandhari yao ya awali, kisha akawasimamisha mbele ya picha zake mwenyewe, za rangi, za mitambo ya Gécamines iliyoota kutu na karakana zisizo na mtu. Watu waliopangwa zamani mbele ya kamera kama mali inayohesabiwa wanasimama sasa katika magofu ya kile walichokijenga. Tarehe ni muhimu hapa pia. Miaka michache tu kabla, kati ya 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Mtazamaji wa Lubumbashi mwaka 2006 hakuhitaji kuelezwa kutu ile ni ya nani.

Lakini Baloji ana tatizo ambalo mchoraji wa Colonie Belge hakuwa nalo. Mfungwa wa brashi hana jamaa. Ni mfano wa watu wengi, na hakuna mjukuu atakayeingia sebuleni na kusema, yule ni babu yetu. Mtu wa kamera aliishi. Alikuwa na jina hata kama aliyempiga picha hakuliandika. Nyaraka za kikoloni aghalabu huandika kabila na kazi, na kuishia hapo. Hakuulizwa kama anataka kupigwa picha, na hakuulizwa tena alipokatwa na kubandikwa mahali pengine. Je, mkono wa pili umefanya tendo tofauti na la mkono wa kwanza?

Saidiya Hartman, katika kitabu chake cha 1997 kuhusu utumwa na kujitengeneza kwa nafsi Marekani, anaanza kwa kukataa kuirudia simulizi mashuhuri ya Frederick Douglass juu ya kuchapwa kwa shangazi yake. Hoja yake ni kuwa mateso ya mwili mweusi yamesimuliwa kwa wepesi mno hata yamekuwa mazoea, na kwamba mpaka kati ya shahidi na mpenda tamasha ni mwembamba kuliko wasomaji wema wanavyodhani. Hoja hii ni nzito, na wengi wanaoitaja huitaja ili waipite. Ikichukuliwa kwa uzito wake wote, itabidi kusema kwamba picha ya mtu yule ingepaswa kubaki katika kabati la kampuni. Ila hapo ndipo hoja inapokutana na ukuta wake. Kabati la kampuni halikuwa sitara. Mwosha anayeijua aibu ya maiti na kunyamaza ni mtu wa karibu, aliyeaminiwa na jamaa. Kampuni iliyoijua aibu ile ndiyo iliyoitenda, na kimya chake ni cha mwenye hatia. Kuiacha picha kwake ni kumwachia mdaiwa hati pekee ya deni.

Hivyo kuitoa nje picha kuna haki yake. Haki hiyo, hata hivyo, haisafiri pamoja na picha kila iendako. Mbele ya watu wa Lubumbashi, Mémoire inadai pande mbili: kampuni ya Wabelgiji iliyowapanga watu wale mstari, na dola ya Wakongo iliyourithi mgodi, ikala, ikauacha ukiwa. Ikipelekwa katika jumba la sanaa la Ulaya, mdaiwa wa pili hutoweka kwa kuwa hakuna anayemjua, na wa kwanza hugeuka kuwa babu wa mbali ambaye mjukuu wake hasikii wajibu. Kinachobaki ni uzuri wa kutu. Na ni lazima kukiri kwamba ni nzuri. Kutu ya Baloji, kwa upana wa fremu na upole wa mwanga, inamvutia mtazamaji asiyedaiwa chochote akae muda mrefu. Msanii hawezi kulaumiwa kwa ustadi wake. Anaweza kuulizwa, hata hivyo, ni nani anayekumbushwa, na kama hakuna, basi picha imerudi kuwa kumbukumbu.

Kiswahili kimeliwekea jambo hili mtego wa kupendeza kwa kuyaita majumba ya aina ile makumbusho. Neno limetoka katika mzizi ule ule wa kauli ya kutendesha, na kwa hiyo linayadai makumbusho kazi ambayo mengi hayaifanyi. Mfano ulio wazi ni jumba la Tervuren, karibu na Brussels, lililofunguliwa mwaka 1910 kwa ajili ya mali na sifa za Kongo ya Leopold wa Pili. Kwenye maonyesho ya 1897 pale pale Tervuren, Wakongo 267 waliletwa kutazamwa, na saba kati yao walikufa na kuzikwa huko. Jumba lilifungwa mwishoni mwa 2013, likatengenezwa, likafunguliwa tena Desemba 2018. Katika ukumbi wake wa duara kuna sanamu za Arsène Matton zinazomsifu Mbelgiji kama mletaji wa ustaarabu, na sanamu hizo haziwezi kuondolewa kwa kuwa jengo linalindwa na sheria ya urithi. Wasanii Aimé Mpane na Jean Pierre Müller wakatundika mbele yake vitambaa vyenye picha, vyepesi kiasi kwamba sanamu bado inaonekana nyuma yake, na kila moja inaihoji nyingine. Ni suluhisho la akili, na la kweli kuliko kuficha. Mtu aliyelelewa katika maadili ya sitara hataacha kuona, hata hivyo, kwamba waliopata pazia pale ni wenye dhahabu na mabango ya sifa. Chéri Samba alikwisha kulichora jambo hili mwaka 2002, katika picha iliyo mali ya jumba lenyewe: Waafrika wanaivuta sanamu ya mtu-chui iteremke ngazi, Wazungu wanaivuta irudi ndani, na mkuu wa jumba anatazama. Kwa muundo wa picha, yule mkuu yupo mahali pale pale alipokuwa ofisa mwenye kiko.

Suala la mahali, basi, ni la kimaadili kama lilivyo la kibiashara. Picha za Tshibumba alizomchorea Fabian zimehifadhiwa Amsterdam, katika jumba lililokuwa likiitwa Tropenmuseum, na zimehifadhiwa vizuri. Mchoraji mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980 na hatima yake haikujulikana. Sebule zilizomlisha zilikwisha kufilisika pamoja na mshahara wa mgodi; asiye na unga hanunui picha. Kwa upande huu ni vigumu kulichukulia kama jambo dogo kwamba mwaka 2008 Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza walishiriki kuanzisha Lubumbashi mikutano ya sanaa waliyoiita kwa neno la Kiswahili, Picha, ambayo ndiyo iliyozaa maonyesho makubwa ya mji huo yanayofanyika kila baada ya miaka miwili. Kazi zilezile zilizokwenda Ulaya zilipata mahali pa kurudi, mbele ya wale wanaojua kutu ni ya nani. Haikuirudisha sebule. Maonyesho huenda kuyaona anayejua kwamba yapo, ilhali picha ya sebuleni humkuta hata asiyetaka.

Kuna kazi moja ya Kongo inayoligeuza swali lote juu chini, nayo haikutengenezwa na msanii wa leo. Mwaka 1931 Wapende wa eneo la Kwilu waliinuka dhidi ya kodi na kazi ya kulazimishwa ya kuvuna michikichi kwa ajili ya kampuni ya Lever, na ofisa mmoja, Maximilien Balot, akauawa. Jeshi la kikoloni lililipiza kwa kuua mamia ya watu. Wapende walichonga sanamu ya Balot ili kuidhibiti roho yake isiwadhuru. Hapa aliyedhalilishwa na kufanywa sanamu ni mzungu, na mwenye kumtazama ni Mpende. Wala hakuna aliyeuliza kama jamaa zake waliridhia. Mhakiki anayedai idhini kwa mtu wa Baloji hana budi kuidai hapa pia, au aeleze tofauti. Tofauti, pengine, ni kwamba sanamu ile haikuchongwa ili kuonyeshwa. Ilikuwa kifungo. Waliiweka kwa sababu walimwogopa, na mtu anayeogopwa hajageuzwa kuwa kitu.

Sanamu hiyo ilinunuliwa Kongo mwaka 1972 na msomi Mmarekani, na baadaye ikaingia katika jumba la makumbusho la Richmond, Virginia. Wasanii wa Lusanga, mji uliokuwa ukiitwa Leverville, ambao tangu 2014 wamekuwa na umoja wao wa wafanyakazi wa mashamba na kuuza sanamu za chokoleti ili kununua tena ardhi, waliidai kwa miaka kadhaa. Mwaka 2022 walitengeneza nakala za kidijitali za picha yake, na jumba la Richmond likakasirika. Mwaka 2024 walipopewa banda la Uholanzi katika maonyesho ya Venice, hatimaye Balot alipelekwa Lusanga kwa mkopo, akawekwa katika jumba jeupe la sanaa lililojengwa shambani. Wageni wa Venice waliotaka kumwona walimwona kupitia kioo cha video, kwa mbali, akiwa amesimama mbele ya watu wa Lusanga. Mkopo ulikuwa wa muda, na jina la mmiliki katika hati lilibaki la Richmond.